Muamala Usiojibiwa: Hifadhidata, Lugha ya C na Milima ya Upare

Wasanidi wengi wa programu za hifadhidata hufanya kazi karibu na seva zao. Seva ipo chumba cha pili, au ni kompyuta ileile wanayoandikia, na kila swali linarudi na jibu papo hapo. Programu iliyokulia katika mazingira hayo huamini jambo moja: seva ikiulizwa, itajibu. Kisha programu hiyo inapelekwa Same, kwenye Milima ya Upare.

Wilaya ya Same ina sura mbili. Chini ni nyika kavu ya Hedaru, Makanya na Same mjini, penye barabara kuu na reli ya Tanga hadi Moshi, na upande wa pili wa milima ni Ndungu, Maore na Kisiwani, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Juu ni Suji, Vudee, Chome, Mbaga, Gonja na Mamba, hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Ukipanda kwa gari, simu hushika mtandao kwenye kona moja na kuupoteza kwenye kona inayofuata. Umeme nao una siku zake. Na bado zahanati, ofisi za vijiji, vyama vya ushirika vya wakulima wa tangawizi na wasoma mita za maji wanatakiwa kuingiza taarifa kila siku kwenye mifumo ambayo hifadhidata yake ipo mamia ya kilomita kutoka walipo. Kwa karani wa huko juu, mawasiliano kukatika ni sehemu ya kawaida ya siku ya kazi.

Swali la uchambuzi huu ni hili: programu izungumze vipi na hifadhidata ili taarifa za watu wa mahali kama hapa zifike zikiwa kamili, zikiwa za kweli, na zifike mara moja tu? Jibu linaonekana vizuri zaidi ukishuka hadi tabaka la chini kabisa, yaani kiolesura cha hifadhidata katika lugha ya C. Sipendekezi mifumo yote ya wilaya iandikwe kwa C. Ninachosema ni kwamba tabaka hilo halifichi kitu. Kila linaloweza kwenda vibaya lina msimbo wake au kazi ya kulikagua, na ni msanidi mwenyewe anayepaswa kuamua atafanya nini likitokea. Lugha za juu zaidi humruhusu asiamue, na maamuzi yasiyofanywa ndiyo yanayowaumiza watu wa mbali na seva.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza taarifa zihifadhiwe kwenye majedwali yanayohusiana, na mtumiaji aulize anachotaka bila kuieleza mashine njia ya kukifikia. Lugha ya C ilizaliwa Bell Labs mikononi mwa Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 Michael Stonebraker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza mradi wa POSTGRES. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuwekea lugha ya SQL, na mwaka 1996 ukaitwa PostgreSQL. Maktaba yake ya C inaitwa libpq. MySQL, iliyotoka mwaka 1995, ina yake. SQLite, aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, haina seva kabisa: hifadhidata nzima ni faili moja, na programu huifungua moja kwa moja kupitia maktaba ya C.

Hii SQLite ndiyo inayoleta habari hadi gulioni Same. Kila simu ya Android inakuja nayo, kwa hiyo muuza nyanya na dereva wa bodaboda wanatembea na hifadhidata kadhaa za majedwali mifukoni. Upande wa afya mambo ni hivyohivyo. Taarifa za vitabu vya MTUHA, yaani rejista za vituo vya afya, huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliokuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwaka 2013. Seva yake huweka taarifa kwenye PostgreSQL, na programu yake ya simu huziweka kwanza kwenye SQLite. Seva hiyo imeandikwa kwa Java, ambayo huongea na PostgreSQL bila kupitia libpq. Lakini mtaalamu wa TEHAMA anayechukua nakala rudufu kwa pg_dump, au kufungua psql ili kuangalia jedwali, yupo ndani ya libpq bila kuiona. Anayeandika kwa Python akitumia psycopg2, na anayeandika kwa PHP au Ruby kupitia maktaba zao za kawaida za PostgreSQL, wote wapo juu ya msingi huohuo wa C.

Umbo la kazi lenyewe ni jepesi kulielewa. PQconnectdb hufungua muunganisho. PQstatus husema kama upo hai. PQexec hutuma amri na kurudisha matokeo, PQresultStatus husema matokeo hayo ni ya aina gani, PQgetvalue hutoa thamani moja ya mstari na safu, PQclear huachilia kumbukumbu ya matokeo, na PQfinish hufunga. Mtu aliyewahi kuandika C kwa muhula mmoja anaweza kuisoma programu ya namna hiyo asubuhi moja. Ugumu unaanza pale taarifa halisi zinapoingia.

Chukua rejista ya mnada wa mifugo. Msanidi anaandika amri kwa kuunganisha maneno: sprintf inaweka aina ya mnyama kati ya alama mbili za nukuu, kisha idadi. Mbuzi wanaingia. Kondoo wanaingia. Punda pia. Anapofika ng'ombe, ritifaa iliyo ndani ya neno inafunga nukuu kabla ya wakati wake. Hifadhidata inapokea VALUES ('ng'ombe', 12), inasoma 'ng' kama thamani kamili, na kurudisha kosa: syntax error at or near "ombe". Katika nchi ya wafugaji, programu imemkataa mnyama anayefugwa kuliko wote.

Katika kazi za namna hii kosa lenyewe hunitia wasiwasi kidogo tu. Dawa inayopewa mara nyingi hunitia wasiwasi zaidi. Msanidi mwenye haraka anaifuta ritifaa, na rejista inajaa ngombe. Wiki inayofuata ritifaa inafutwa kwenye majina ya watu na ya vijiji, na jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA halilingani tena na lililo kwenye rejista. Mwenye jina ndiye atakayerudishwa nyumbani kutoka dirishani akatafute barua ya mtendaji. Na mwanya uleule uliovunjika kwa bahati mbaya kwa ng'ombe, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuvunja kwa makusudi, akaandika kwenye kisanduku cha jina amri ya kufuta jedwali zima. Tangu toleo la 7.4 la mwaka 2003, libpq ina PQexecParams: amri inaandikwa ikiwa na $1 na $2, na thamani zinasafiri kando, hazichanganyiki kamwe na maneno ya amri. Ng'ombe anaingia na ritifaa yake. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakujakuwa na sababu ya kuunganisha thamani na amri kwa sprintf, na msimamizi yeyote anayepokea programu mpya ana haki ya kuikataa akiuona mtindo huo.

Jambo la pili ni la hatari zaidi kwa sababu halitoi kosa lolote. Same ina kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, na katika maeneo mengi nchini vipimo vya mvua vimesomwa kwa miaka mingi na watu wa misheni, shule na mashamba, wanaoandika milimita kwenye daftari kila asubuhi. Hizo ni takwimu za thamani kubwa katika wilaya ambayo chini kunyauka kwa mahindi ni jambo la kawaida na juu mvua inatosha kulima migomba. Sasa daftari hilo linaingizwa kwenye jedwali lenye safu tatu: kituo, siku, milimita. Kwenye daftari kuna siku zilizoandikwa 0, maana yake msomaji alikwenda kwenye kipimo akakuta pakavu. Kuna pia siku zilizo wazi: msomaji alisafiri, aliugua, alikuwa msibani. Kwenye jedwali siku hizo zinawekwa NULL, yaani hakuna thamani.

Programu ya C inasoma matokeo kwa mstari mmoja unaoonekana safi kabisa: double mm = atof(PQgetvalue(res, i, 2)); na hapo ndipo siku wazi zinapogeuka kuwa siku za ukame. PQgetvalue ikikutana na NULL hurudisha mfuatano mtupu wa herufi. Atof ikipewa mfuatano mtupu hurudisha 0. Hakuna onyo, hakuna msimbo wa kosa. Ili kutofautisha, msanidi anatakiwa kuita PQgetisnull kwanza.

Tuseme Aprili ina siku 30, vipimo vilisomwa siku 20, na jumla ni milimita 90. Wastani wa siku zilizopimwa ni milimita 4.5. Programu iliyogeuza siku 10 tupu kuwa sifuri itasema 3. Jumla itabaki 90, na hilo ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu anayesoma ripoti ataiona kama jumla ya mwezi mzima wakati theluthi ya mwezi haikupimwa. Mtu akitumia takwimu hiyo kuamua kama wakulima wa Makanya wanastahili mbegu za msaada, au kama bima ya mazao ilipe, ameamua kwa kutumia mvua ambayo hakuna aliyeipima. Ukiiachia hifadhidata yenyewe ikokotoe wastani kwa AVG, itaziruka NULL na kutoa 4.5, na ukiomba count(milimita) kando ya count(*) utaona mara moja kwamba siku 10 hazipo. Kosa linaingia pale msanidi anapozichota thamani moja moja na kuzijumlisha mwenyewe.

Afya nayo ina tatizo hilohilo likiwa limegeuzwa. DHIS2, isipoelekezwa vingine, haihifadhi sifuri kwa vipengele vingi, ili kuokoa nafasi. Zahanati ikiandika kwamba haikuwa na mgonjwa wa malaria mwezi huu, sifuri hiyo inaweza kutupwa, na baadaye haijulikani kama zahanati ilikuwa na wagonjwa sifuri au haikuleta ripoti. Msimamizi anaweza kuweka alama kwamba sifuri ya kipengele fulani ina maana na ihifadhiwe. Wilaya inayopigania kutokomeza ugonjwa inahitaji sana sifuri zake.

Upare una sababu zake za kuzitilia maanani rekodi za aina hii. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani na kukusanyika Same kupinga mbiru, kodi ya ngazi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia kitabu tukio hilo mwaka 1971. Kiini cha malalamiko kilikuwa makadirio: mtu aliambiwa thamani ya mali yake bila kuona imefikiwaje, na hakuwa na njia ya kulirekebisha daftari. Leo daftari ni jedwali, na mwananchi anayepokea bili ya maji kwa ujumbe wa simu yupo mbali zaidi na anayeliandika kuliko babu yake alivyokuwa mbali na karani wa boma. Kwa hiyo aliyeandika PQgetvalue bila PQgetisnull amebeba wajibu ambao mwananchi hawezi kumsaidia kuubeba.

Turudi kwenye mtandao. Muunganisho unaweza kufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ina kelele: seva inazimwa, inaaga, libpq inapata taarifa na PQstatus inasema CONNECTION_BAD. Njia ya pili ni ya kimya. Mnara unazimika, au kifaa fulani njiani kinasahau muunganisho wako, na hakuna anayekuambia. PQexec imetuma amri na inasubiri jibu. Linux ikiachwa kama ilivyo, hukaa saa 2 za ukimya kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza wa kuuliza kama upande wa pili bado upo, kisha huuliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Ni zaidi ya saa 2 na dakika 11. Karani wa zahanati ya Vudee hatasubiri saa 2. Baada ya dakika 3 atazima kompyuta na kuiwasha tena, kisha ataingiza taarifa upya, na hapo tumeshaliingia tatizo kubwa ninalolijia hivi punde.

Dawa ya ukimya ipo kwenye mstari uleule wa kufungua muunganisho, na haimgharimu mtu hata fundi wa ziada: connect_timeout=10, keepalives_idle=30, keepalives_interval=10, keepalives_count=3, na tangu toleo la 12 la mwaka 2019, tcp_user_timeout kwa ajili ya ujumbe uliotumwa na haujathibitishwa kupokelewa. Kwa mipangilio hiyo programu inajua ndani ya takriban dakika moja kwamba upande wa pili haupo, na inaweza kumwambia karani ukweli. Ninaona ajabu kwamba mipangilio hii haipo kwenye mafunzo mengi ya hifadhidata yanayofundishwa kwetu, wakati sisi ndio tunaoihitaji kuliko wanaoishi kwenye miji ya nyaya za kioo.

Kuna mtego hapohapo. libpq inatoa PQreset, inayofungua muunganisho upya kwa vigezo vilevile, na inavutia kuitumia kama njia ya kutokea kwenye kila shida. Lakini muunganisho mpya haujui chochote kuhusu wa zamani. Muamala uliokuwa wazi umefutwa na seva. Fikiria malipo ya maji: BEGIN, punguza deni la mteja, andika risiti, COMMIT. Mtandao unakatika baada ya kupunguza deni. Programu inaita PQreset na kuendelea pale ilipoishia. Kupunguzwa kwa deni kumefutwa pamoja na muamala wa kwanza, lakini risiti sasa inaandikwa nje ya muamala wowote na kuthibitishwa yenyewe papo hapo. COMMIT ya mwisho inarudisha onyo tu kwamba hakuna muamala unaoendelea, na maonyo hayasomwi. Mteja ana risiti na deni lake lipo palepale. MySQL ilikuwa na chaguo la kuunganisha upya kimyakimya ndani ya maktaba yake ya C, lenye madhara ya aina hii, na mwaka 2023 watengenezaji walitangaza kwamba wanaliacha. Kanuni ya kushika ni kwamba muunganisho ukifa, muamala mzima unaanzwa tangu BEGIN.

Sasa tufike kwenye COMMIT. Programu imetuma COMMIT. Jibu halikuja. Je, muamala umeingia au haukuingia?

Hapa kuna hali mbili ambazo ukiwa upande wa mteja huwezi kuzitofautisha. Katika ya kwanza COMMIT ilipotea njiani kwenda, seva haikuipata, na muamala ukafutwa. Katika ya pili seva iliipata, ikaandika diskini, ikatuma jibu, na jibu ndilo lililopotea. Matokeo yanayoonekana kwenye C ni yaleyale: PGRES_FATAL_ERROR, na muunganisho uliokufa. Jim Gray alilieleza tatizo hili mwaka 1978 kwa jina la majemadari wawili, walio kwenye vilima viwili, wanaopelekeana wajumbe kupitia bonde lenye adui: kwa ujumbe peke yake hawawezi kamwe kufikia uhakika kamili kwamba wamekubaliana. Hakuna toleo jipya la hifadhidata litakaloliondoa, wala mtandao wa kasi hauliondoi. Mtandao mzuri unalifanya liwe adimu, na uadimu huo ndio unaowafanya wasanidi wa mijini wasiliandikie dawa.

Anayedhani haikuingia na kurudia, atamtoza mteja mara mbili. Anayedhani imeingia na kuacha, atapoteza malipo. Lugha za juu mara nyingi humchagulia msanidi moja kati ya hizo bila kumwambia.

Suluhisho ni la muundo wa taarifa zenyewe, na Watanzania tayari wanalijua kwa mikono. Tangu mwaka 2017 malipo kwa Serikali yamekuwa yakipitia mfumo wa GePG, na kila deni linapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita control number. Namba inatolewa kabla pesa haijatembea, na malipo yanatambuliwa kwa namba hiyo, yawe yamepita benki au kwa simu. Msanidi afanye hivyohivyo kwa kila muamala: programu iliyopo kwa mteja itengeneze ufunguo wa kipekee kabla ya kutuma chochote, jedwali la seva liwe na sharti la UNIQUE kwenye safu ya ufunguo, na amri iwe INSERT yenye ON CONFLICT DO NOTHING, inayopatikana PostgreSQL tangu toleo la 9.5. Jibu la COMMIT likipotea, programu inafungua muunganisho mpya na kurudia muamala wote kwa ufunguo uleule. PQcmdTuples baada ya INSERT itasema 1 kama mara ya kwanza haikuingia, au 0 kama ilikuwa imeshaingia, na ikiwa ni 0 hatua nyingine za muamala huo, kama kupunguza deni, zinarukwa. Kurudia sasa hakuna madhara, hata kukifanyika siku nzima. PostgreSQL pia ina txid_status tangu toleo la 10 la mwaka 2017, inayoweza kujibu kama muamala wenye namba fulani ulithibitishwa, mradi programu iliichukua namba hiyo na kuihifadhi mwenyewe kabla ya COMMIT. Mimi naupendelea ufunguo. Unabaki kwenye jedwali miaka yote, na mkaguzi anaweza kuusoma bila kuwa mtaalamu.

Lakini ufunguo lazima ukae mahali ambapo umeme ukikatika hautapotea, na hapo SQLite inaingia. Wapare wamekuwa na ndiva kwa vizazi: bwawa dogo la mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe kwa wingi wa kutosha kufika shambani badala ya kupotea mferejini kidogo kidogo. Programu ya mlimani ijengwe kwa mpango huo. Kila anachoingiza karani kinaandikwa kwanza kwenye jedwali la foleni ndani ya faili la SQLite, pamoja na ufunguo wake, na karani anapata uthibitisho papo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Kazi nyingine inayoendelea nyuma yake inachukua kilicho kwenye foleni na kukituma seva mtandao unapopatikana, kisha inaweka alama kwamba kimefika. Umeme ukikatika kati ya kufika na kuwekewa alama, kitatumwa tena, na ufunguo utakizuia kuingia mara mbili.

Jambo moja dogo hapa lina uzito mkubwa. SQLite ina namna ya uandishi iitwayo WAL, iliyoanza mwaka 2010, inayoongeza kasi. Wengi wanaoiwasha hushusha pia PRAGMA synchronous kutoka FULL hadi NORMAL. Kwa mpangilio huo faili haliharibiki umeme ukikatika, lakini miamala ya mwisho ambayo karani ameshaambiwa imehifadhiwa inaweza kutoweka. Kwa kompyuta isiyo na betri iliyopo Mbaga, FULL ibaki FULL. Sekunde zinazookolewa hazifikii thamani ya risiti moja.

Hoja dhidi ya haya yote inajulikana, na ni nzito. C inamwachia msanidi kumbukumbu aiangalie mwenyewe. Akisahau PQclear, programu inayokaa wazi wiki nzima inakula kumbukumbu mpaka mashine inalemewa. Akiitumia anwani aliyopewa na PQgetvalue baada ya PQclear, anasoma takataka. Akikosea ukubwa wa eneo la kuhifadhi maneno, amefungua mlango wa uvamizi. Kwa mfumo wa wilaya wenye skrini 50 na watumiaji wa kila aina, Java, Python au PHP ni chaguo la busara, na ninalikubali bila masharti. C inafaa pale kazi ni ndogo na mashine ni dhaifu: kifaa kinachosoma mita, kompyuta ya bei nafuu inayokusanya vipimo vya mvua, programu ya kutuma foleni niliyoieleza.

Lakini kuchagua Python hakumwondolei mtu maswali. COMMIT isiyojibiwa ipo Python. NULL ipo PHP. Muunganisho uliokufa kimya upo Java. Anayejua kiolesura cha C anajua la kumuuliza muuzaji wa mfumo, na nchi hii ina kumbukumbu ya kununua mifumo bila kujua la kuuliza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya kazi za hesabu za Hazina kwenda mrama, na marufuku hiyo iliwarudisha nyuma vijana wa kizazi kizima. Mashine ilibebeshwa lawama ambazo sehemu kubwa zilikuwa za uelewa. Ndiyo maana mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa pili chuoni aandike walau programu moja ya libpq na moja ya SQLite, kila jibu likikaguliwa, kabla ya kukabidhiwa chombo kinachomfichia majibu.

Usalama wa njia unahitaji sentensi chache. libpq kwa kawaida hutumia sslmode=prefer, ambayo husimba mawasiliano ikiwezekana lakini haihakiki kwamba seva iliyojibu ndiyo yenyewe. Kwa taarifa za wagonjwa au za malipo zinazopita mtandao wa simu, iwe verify-full, na nywila ikae kwenye faili la .pgpass, kamwe isiandikwe ndani ya programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeufanya uangalifu huo kuwa wajibu wa kisheria.

Same sasa ina sababu mpya ya kuyachukulia haya kwa uzito. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, na mabomba yakienea, wateja, mita na bili vinaongezeka. Kabla ya mfumo wowote wa kupokea taarifa hizo kukubaliwa, ufanyiwe jaribio moja lisilohitaji maabara. Weka kompyuta mbili mezani, moja seva na nyingine mteja. Acha mteja atume malipo mia moja. Katikati, kabla tu programu haijatuma COMMIT, washa kwa mteja kizuizi cha iptables kinachotupa kila kitu kinachotoka lango la 5432 la seva, ili amri ifike na jibu lisirudi. Subiri programu igundue yenyewe na uhesabu dakika. Kisha chomoa waya wa umeme wa mteja, uurudishe, uondoe kizuizi, na uache foleni imalize kazi. Mwishoni hesabu risiti zilizo kwenye faili la SQLite na mistari iliyo kwenye jedwali la malipo la PostgreSQL. Zote mbili ziwe mia moja, na jumla ya shilingi ilingane hadi shilingi ya mwisho.